UZI: Narudisha tangi langu la matumbawe lililomezwa na mwani, miezi kumi sasa

chumvi35 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi utakua mrefu na ntakua naongeza kadri mambo yanavyoenda, kwahiyo wenye tangi za maji chumvi vuteni viti.

Tangi langu ni la lita 280 na sampu yake ya chini (tangi dogo la kuchujia) lita 80 hivi, lina miaka minne. Ilibidi niwe mbali miezi saba kwa sababu za kifamilia, nikamwachia mtu ambae hajawahi kufuga samaki wa chumvi, na simlaumu hata kidogo maana alijitahidi, samaki wamekula kila siku. Ila alikua anawapa chakula kingi mno na maji yanayopungua kwa kukauka alikua anaongezea ya bomba moja kwa moja, alafu lile kombe la skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) halijamwagwa sijui tangu lini.

Nimerudi nimekuta hivi: mawe yote yamefunikwa na mwani wa nywele wa kijani, mrefu unafika vidole vitatu, yani jiwe lenyewe hulioni. Kwenye mchanga kuna zulia jekundu linateleza, hilo ni sayano. Pembeni karibu na pampu kuna vile vipovu vya kijani vigumu kama shanga. Waliopona ni klaunfishi wawili, tumbawe moja la ngozi ambalo halifunguki, matumbawe ya uyoga kadhaa, kundi la zoanthidi (matumbawe laini madogo kama maua) lililojikunyata chini ya nywele, na kipande cha montipora, tumbawe gumu, kilichobaki hai ukingoni tu, ukubwa wa kucha.

Vipimo vya siku ya kwanza: naitreti 80, fosfeti 0.9, alkalini 6, chumvi 39 kwa elfu wakati inatakiwa iwe 35. Joto ndo lilikua sawa, 26.

Nimekaa mbele ya lile tangi usiku mzima. Nimeamua sibomoi, nalirudisha kama lilivyo.

kina_kifupi

Pole sana mkuu. Ila mimi ningekushauri toa mawe yote chemsha, anza upya. Kwa hali hiyo utahangaika mwaka mzima.

chumvi35 (mleta uzi)

Asante mkuu ila hapo naomba nikukatize kabla mtu mwingine hajasoma akafanya. USICHEMSHE mawe yaliyotoka kwenye tangi la matumbawe. Zoanthidi na ndugu zake palithoa zinaweza kuwa na sumu inaitwa palitoksini, ni kati ya sumu kali kabisa za asili zinazojulikana, na ukichemsha ile mvuke inaijaza nyumba. Kuna familia nzima zimeishia hospitali kwa jambo hilo hilo. Hata kusugua tu jiwe lenye zoanthidi vaa glavu na miwani, usilisugue nje ya maji likakurukia usoni, na ukiwa na kidonda mkononi acha kabisa siku hiyo.

Alafu sababu ya pili, ndani ya yale mawe kuna bakteria wa miaka minne wanaokula amonia, kuna minyoo, kuna vidudu vidogo vya kila aina. Nikiua vyote nabaki na tangi changa lenye samaki ndani, na tangi changa ndo mwani unapenda zaidi.

mama_wa_klauni

Ushauri mzuri. Sasa unaanzia wapi? Mimi langu lina nywele pia ila sio kwa kiwango hicho, nafatilia kwa karibu.

chumvi35 (mleta uzi)

Dada nimeanzia kwenye maji kabla ya mwani. Mashine ya kuchuja ya RO nimebadilisha vichujio vyote mpaka kile kipima TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kinasoma 0, maana ukiongezea maji yenye uchafu kila siku unalisha mwani bila kujua, maji yanakauka lakini kilichomo hakikauki, kinabaki na kuongezeka. Chumvi nimeishusha taratibu kwa siku kama kumi, unachota maji ya chumvi kidogo unarudishia masafi, usiishushe kwa mara moja matumbawe hayavumilii.

Baada ya hapo ni mikono. Kila jumamosi natoa jiwe moja au mawili, naliweka kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, nang'oa nywele kwa vidole kadri inavyotoka, alafu nasugua kwa mswaki mgumu, nalisuuza ndoo ya pili ndo linarudi. Yale yasiyotoka nasugua humohumo huku mpira wa kunyonya maji uko pembeni ya mswaki unavuta kila kinachong'oka, maana kila kipande kinachopeperuka kinaenda kuota kwingine. Maji yanayotoka na uchafu ndo badiliko langu la maji la wiki, kama asilimia 15.

Wiki ya kwanza nimejaza bakuli zima la nywele. Wiki ya pili bakuli lingine. Wiki ya tatu nusu.

Hii kazi watu wanaikwepa wanatafuta dawa, lakini fikiria: ule mwani umejengwa kwa naitreti na fosfeti zilizokua majini. Ukiung'oa ukautupa umezitoa nje ya nyumba kabisa. Ukiuua kwa dawa ukauacha uozee ndani, zimerudi majini siku hiyohiyo na mwani mwingine unazisubiri.

pampu_mbili

Swali mkuu, langu nikipima fosfeti inasoma 0.02 lakini nywele zipo kibao. Inakuaje kama hakuna chakula?

chumvi35 (mleta uzi)

Swali zuri sana hili. Kipimo kinakuonesha kilichobaki majini, hakikuoneshi kilichokwisha kuliwa. Mwani ukiwa mwingi unanyonya fosfeti kabla haijafika kwenye chupa yako ya kupimia.

Na kuna jambo lingine ambalo mimi limenichukua muda kulielewa. Mawe yetu ni kalsiamu kaboneti, na fosfeti inashikana na kalsiamu kaboneti. Yale maji yakikaa na fosfeti nyingi kwa miezi, mawe na mchanga yanaishika na kuitunza. Ukija kusafisha maji, jiwe linaanza kuiachia kidogo kidogo mpaka pande zote mbili zilingane tena. Kwahiyo unabadilisha maji leo inasoma 0.3, keshokutwa imerudi 0.5 na hujaongeza hata punje ya chakula. Mtu anakata tamaa anasema kipimo kibovu, kumbe ni jiwe linatapika. Na nywele zimejishikiza palepale juu ya jiwe, zinakula kinapotokea.

Mimi langu bado linatapika.

mzamiaji_wa_zamani

Vijana mnaenda vizuri. Niongezee kidogo, msisahau uwiano. Redfield, mtaalamu wa bahari wa zamani, alionesha kwamba viumbe vidogo vya baharini vina kaboni, naitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa 106 kwa 16 kwa 1. Ukiweka tangi lako kwenye uwiano huo mwani hausumbui.

chumvi35 (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Naheshimu uzoefu wako lakini hapo sikubaliani moja kwa moja. Redfield alikua anaeleza planktoni na maji ya bahari kuu, haikua maelekezo ya kuendesha tangi. Naitreti 80 na fosfeti zinazoendana nayo kwa uwiano mzuri bado ni tangi linalozama. Mimi naangalia namba zenyewe kwanza: naitreti kati ya 5 na 10, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, na zaidi ya yote ZISIRUKERUKE.

mzamiaji_wa_zamani

Marahaba. Kwenye kurukaruka tupo pamoja. Endelea.

chumvi35 (mleta uzi)

MREJESHO, mwezi wa nne. Hapa nataka niandike kosa langu kwa urefu kwasababu najua kuna mtu anaelekea palepale nilipopita.

Mwezi wa tatu mambo yalikua yanaenda, naitreti imeshuka mpaka 20, fosfeti 0.35, nywele zimebaki fupi. Nikaona kwanini nisimalize. Nikaweka zile chembechembe za oksidi ya chuma za kunasa fosfeti, nikaweka nyingi, na wakati huohuo nikaanza kudondoshea siki ili bakteria waongezeke wale naitreti, na skima nikaiongeza nguvu. Vitu vitatu kwa mkupuo. Ndani ya siku kumi na moja vipimo vyote viwili vinasoma sifuri. Nywele zikawa nyeupe zikaanza kudondoka zenyewe. Nilifurahi sana, nikampigia simu rafiki yangu kumwambia tumeshinda.

Siku kama kumi baadae asubuhi nikaona utando wa kahawia juu ya mchanga. Nikadhani ni diatomu (mwani mdogo wa kahawia), nikapuuza. Kufika mchana ule utando una nyuzi nyuzi kama kamasi, na kila ncha ya uzi ina kapovu ka hewa. Usiku taa zikizima unapotea, asubuhi mchanga msafi kabisa, saa nane mchana umerudi umefunika mpaka tumbawe la ngozi. Konokono nikakuta watano wameanguka hawasogei, wawili wakafa. Montipora yangu ile iliyoanza kutambaa ikapauka.

Hao ni dino. Dinoflajeleti, vijidudu vya seli moja. Na mimi ndo niliwafungulia mlango.

Nikafanya lile jaribio la chupa: unavuta kamasi kidogo na maji yake, unatikisa kwa nguvu mpaka isambae, unachuja kwa karatasi laini ya kuchujia, yale maji yaliyopita unayaacha kwenye glasi chini ya taa. Baada ya saa moja hivi yakijikusanya tena yakawa nyuzi, ni dino. Yangu yalijikusanya kwa dakika arobaini. Nikaazima hadubini ya shule, nikaona vijidudu vya umbo la tone, vimejishikiza kwa ncha vinazunguka palepale kama vimefungwa kamba. Ni aina ya dino inaitwa Ostreopsis.

mama_wa_klauni

Jamani pole. Kwahiyo sifuri ndo ilisababisha?

chumvi35 (mleta uzi)

Dada kwa ninavyoelewa ndio, kwa sehemu kubwa. Juu ya jiwe na mchanga kuna ugomvi wa nafasi muda wote, bakteria, diatomu, mwani mdogo mdogo, wote wanagombania. Ukikata chakula mpaka sifuri wale wa kawaida wanakufa njaa kwanza, na dino wanaweza kuishi kwa njia nyingine, wengine wanakula hata bakteria. Nafasi inabaki wazi wanaichukua wao. Na matumbawe nayo yanahitaji ile naitreti na fosfeti, ule mwani mdogo unaoishi ndani ya mwili wa tumbawe ndo unaolilisha, ukiunyima na wenyewe tumbawe linapauka.

Nilichofanya: nimetoa oksidi ya chuma yote, nimeacha siki, nimeacha kubadilisha maji kabisa, na nikaanza KUONGEZA naitreti na fosfeti kwa kudondoshea kila siku mpaka zikashika 8 na 0.08. Moyo ulikua unakataa kuongeza kitu nilichopigana nacho miezi mitatu lakini nilifanya. Nikazima taa siku tatu na kufunika tangi kwa shuka. Nikafunga taa ya UV inayovuta maji kutoka kwenye tangi lenyewe, kwasababu Ostreopsis usiku wanaachia wanaogelea majini, hapo ndo UV inawapata. Na mkaa mpya wa kuchujia kila wiki kwa ajili ya ile sumu yao inayoua konokono.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili nyuzi zikawa fupi. Wiki ya nne naangalia mchanga saa tisa mchana, mweupe.

pampu_mbili

Nami niliwahi kupata dino, UV haikusaidia chochote, nimekaa nayo miezi miwili bure.

chumvi35 (mleta uzi)

Mkuu yako inawezekana ilikua aina nyingine ya dino, Amphidinium ya seli kubwa. Hao wanakaa kwenye mchanga usiku na mchana hawaogelei, UV utaiwasha mpaka mwakani. Ilikua inabaki mchangani tu bila kupanda sana juu ya mawe?

pampu_mbili

Ndio! Mchangani tu, kama vumbi la kahawia, bila nyuzi ndefu.

chumvi35 (mleta uzi)

Basi ndo hao. Kwa hao watu wengi hua wanadondoshea silika kidogo ili diatomu waote wagombanie mchanga nao, huku naitreti na fosfeti zikiwa zinapimika. Diatomu baadae wanaondoka wenyewe silika ikiisha. Ndo maana nasema hadubini kwanza, hata ile ya kuchezea watoto inatosha, tiba ya mmoja haimgusi mwingine.

kina_kifupi

Mkuu na lile zulia jekundu je? Hujalisema tena.

chumvi35 (mleta uzi)

Sayano sio mwani kitaalamu, ni bakteria wanaotumia mwanga. Nimewavuta kwa mpira kila siku mbili, nikaelekeza pampu ya pili ipulize chini kwenye kona ambako maji yalikua yamelala, na uchafu uliojikusanya nyuma ya mawe nikautoa. Wakaisha ndani ya mwezi na nusu. Zipo dawa za kuwaua kwa siku mbili, sikutumia, nikiua zulia zima kwa pamoja linaoza na kunyonya oksijeni wakati samaki wangu walikua tayari wamechoka.

chumvi35 (mleta uzi)

MREJESHO, mwezi wa sita. Leo naongelea walaji, hapa ndo roho yangu ilipo.

Wengi mnakumbuka au mmesoma kilichotokea Karibi mwaka 1983. Kuna nungunungu wa baharini mweusi wa miiba mirefu, Diadema antillarum, alikua amejaa kwenye miamba yote kule. Ukaja ugonjwa, ukaanzia upande wa Panama, na ndani ya kama mwaka mmoja ukawa umeenea Karibi karibu yote na kuua zaidi ya asilimia 90 yao. Maeneo mengi mwani ukapanda juu ya matumbawe na mpaka leo haujashuka vizuri. Jamaika ndo mfano unaotajwa sana, kule uvuvi ulikua umeshamaliza samaki wala mwani, nungunungu ndo alikua amebaki peke yake kazini, alipoondoka hakuna aliyebaki wa kula.

Nikiangalia tangi langu naona habari hiyohiyo kwa ukubwa wa meza. Nilikua nimeacha konokono ishirini, nimerudi nimekuta wanne. Chakula kiliongezeka NA walaji wakaisha. Ningeweza kushusha fosfeti vyovyote nitakavyo, bila meno ya kukwangua jiwe kila usiku ile nywele ingerudi.

Kwahiyo nimeweka, taratibu, wawili watatu kwa wiki: konokono aina ya troka kumi na tano, hawa nawapenda kwasababu wakianguka chali wanajigeuza wenyewe, tofauti na astrea ambae akianguka analala pale mpaka afe au aliwe. Turbo wakubwa watatu, wanakula kama ng'ombe lakini wanaangusha matumbawe ambayo hayajagundishwa. Nungunungu mmoja mdogo wa miiba mifupi, na huyu ndo shujaa wangu, anapopita anaacha njia nyeupe kwenye jiwe kama mtu aliyepiga randa. Anabeba maganda na vipande vya zoanthidi mgongoni lakini nimemsamehe.

Nywele zikiwa ndefu wengi wa hawa hawazigusi, wanakula zikiwa fupi. Ndo maana mswaki unatangulia.

mama_wa_klauni

Samaki je? Nimeambiwa nichukue kangaja au tasi atamaliza kila kitu.

chumvi35 (mleta uzi)

Kwa lita ngapi dada?

mama_wa_klauni

150.

chumvi35 (mleta uzi)

Usimuweke tafadhali. Kangaja na tasi wanakula mwani kweli, ni kazi yao baharini, ila ni samaki wa kuogelea umbali mrefu, lita 150 ni kama kumfungia mtu chooni. Na tasi ana miiba ya sumu, ukiwa unaingiza mkono kila wiki kusugua ni hatari kwako. Salarias yule mdogo wa kukaa juu ya jiwe anaweza kukufaa lita hizo, ila hakikisha mwani upo wa kutosha na baadae umzoeshe chakula cha mimea, wengi wanakonda mwani ukiisha na mwenye tangi hajui kwanini. Yule konokono mkubwa asiye na gamba, Dolabella, ndo hivyohivyo, anamaliza tangi zima alafu anakufa njaa. Mimi niliazima kwa rafiki wiki tatu nikamrudisha kwake akiwa hai.

Vipovu vile vya kijani nilivitoa kwa mkono kimoja kimoja bila kupasua, huku mpira unavuta. Kaa wa kijani anasaidia ila wangu alianza kumvizia klauni nikamhamishia kwenye sampu.

mzamiaji_wa_zamani

Kijana, kwenye sampu hujaweka mwani wa kufuga? Zamani tulikua tunafuga humo, tunavuna kila mwezi.

chumvi35 (mleta uzi)

Nimeweka mzee, mwani wa keto, ile kama waya wa kusugulia sufuria, taa yake inawaka usiku wakati ya juu imezima ili asidi ya maji isiyumbe sana. Wazo hili ni la muda mrefu, Walter Adey, mwanasayansi wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, alikua anasafisha tangi za miamba kwa mwani tangu miaka ya themanini. Ila iliota vizuri baada ya mimi kuacha kulazimisha sifuri. Wakati ule wa dino ilikua inayeyuka mikononi.

pampu_mbili

Mkuu kuna nywele zangu nyingine zina umbo la unyoya, kama manyoya ya ndege. Konokono hawaigusi kabisa.

chumvi35 (mleta uzi)

Hiyo ni briopsisi mkuu, hapo hata mimi ningetumia dawa. Flukonazoli, ile ya fangasi, wafugaji wanatumia kama miligramu 20 kwa galoni, sawa na 5 kwa lita. Unatoa mkaa, unazima UV, haioneshi kitu wiki ya kwanza alafu inaanza kufifia. Ikifa uivute usiiache ioze. Kama ni jiwe moja tu linaloweza kutoka, toa nje, paka peroksaidi ya asilimia 3 juu ya mwani wenyewe kwa dakika chache, suuza kwa maji ya chumvi, rudisha. Angalia kama una kamba wa kusafisha samaki, hawaivumilii ikiingia nyingi.

chumvi35 (mleta uzi)

MREJESHO, mwezi wa kumi.

Nimepima jana: naitreti 9, fosfeti 0.07, alkalini 8.3, kalsiamu 425, chumvi 35. Ni wiki ya tisa namba hizi hazijayumba.

Mawe yamekua ya zambarau. Ule mwani wa chokaa ulianza kama vidoa vya rangi ya waridi mwezi wa saba, sasa umeshika karibu nusu ya mawe yote, na pale uliposhika nywele haioti. Zoanthidi zimefunguka zote, nimehesabu vichwa 41. Tumbawe la ngozi limevua ngozi yake mara mbili na limesimama. Montipora iliyokua kama kucha imetambaa juu ya mifupa yake ya zamani, inafika upana wa kiganja, ukingo mweupe wa kukua unauona bila miwani.

Nywele bado zipo sehemu moja, nyuma ya pampu ya kushoto, kama urefu wa kidole kimoja. Nimeziacha. Nungunungu anapita pale kila usiku kama saa nne.

mama_wa_klauni

Hongera sana kaka, nimesoma mwanzo mwisho. Nimetoa jiwe la kwanza leo, nimelisugua kwenye ndoo, nimejaza kikombe. Fosfeti yangu 0.4. Nianze na oksidi ya chuma?

chumvi35 (mleta uzi)

Dada weka robo ya kipimo wanachoandika kwenye kopo, upime baada ya siku tatu. Ikishuka chini ya 0.3 ndani ya siku hizo tatu, punguza tena. Na niambie konokono wako hai ni wangapi.